Mpini wa Jembe Lake

Fimbo ya kupuria maharage ilimpata begani, ya pili ikampata sikioni. Ya tatu aliikinga kwa kitabu, jalada likachanika, mume wangu akaanguka pamoja na kigoda chake.

Mvua ilikuwa imeshavuka mlima wa pili. Maharage yetu ya msimu mzima, chakula cha mtoto na mbegu, yalikuwa uani juu ya turubai lililotoka kambi ya wakimbizi. Mimi napura, mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Baba watoto, shika pembe ya huko tukunje."

Hakuinuka. Alisema wingu la namna ile halinyeshi, akalitaja jina lake kwa Kizungu. "Bibiye, usiniletee akili za Form Four."

Matone yakadondokea ukurasa aliokuwa anausoma. Akafunua mwingine.

Hapo ndipo nilipompiga.

Alipoinuka, alinitwanga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Nikaanguka kifudifudi juu ya maharage, naye akanipiga teke la mbavu, kiatu kikapita karibu na kichwa cha mwanangu. Mvua ikatunyeshea wote. Maharage yaliota pale pale uani.

Mume wangu alikuwa na digrii. Siku alipoaga kijijini kwetu Heru Juu kwenda chuo kikuu, mama yake alichomoa mpini wa jembe la mwanawe, akautia motoni na kupikia chakula cha kumuaga, ili asirudi tena kwenye udongo. Watu walipiga vigelegele. Halafu serikali ikaacha kuajiri, akarudi. Jembe lilibaki chuma kitupu, linaliwa na kutu nyuma ya mtungi. Kila nikitaka kulichongea mpini, mama mkwe ananizuia. "Ukilitia mpini utamfukuzia kazi. Mimi nimezaa msomi."

"Na mimi ndiye ninayemlisha, mama."

Asubuhi baada ya ugomvi, mama mkwe alinizuia mlangoni. Msomi hapelekwi barazani na mkewe, alisema. Nikampita, mdomo umevimba, chuma cha jembe kimefungwa kwenye kanga.

Wazee wa baraza la kata waliniuliza nani alianza.

"Mimi."

Wakacheka. "Basi wewe ndiwe mshitakiwa, mama."

"Nishitakiwe. Lakini langu litangulie."

Karani akashika kalamu aniandikie. Nikamwomba hiyo kalamu, nikaweka chuma mezani, nikaandika mwenyewe:

"Nalalamika kwamba mume wangu alinipiga nikiwa na mtoto mgongoni, akaning'oa jino. Nalalamika pia kwamba alikaa akatazama chakula cha mtoto kikilowa. Mimi nilianza kumpiga, sikatai. Naomba baraza limkataze kunigusa tena. Jembe hili, ambalo ni kielelezo, ni la mume wangu. Naomba litiwe mpini mbele ya mama yake, apewe mkononi, na mimi na mtoto tusirudi nyumba ile mpaka amelima."