Damu ya Fizi Mwezi wa Mfungo

Ipo siku moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, nami nakusimulia kwa sababu asubuhi nimekuona ukitema damu, kisha ukauweka mswaki kando.

Marehemu baba yangu alisomesha Kurani watoto wa mtaa wetu hapa Ujiji. Hakuwa na shamba wala mtumbwi. Alikuwa na sauti, na Ramadhani watu walikuja kutoka hata Mwandiga kusali tarawehe nyuma yake. Lakini fizi zake zilitoka damu, na mwezi wa mfungo ukiandama aliacha mswaki kabisa, akiogopa kumeza damu na kuharibu funga. Idi ikipita, fizi zilikuwa zimevimba zaidi. "Ziacheni zipumzike," alikuwa akisema, akazipaka mawese. Mama alimsihi aende hospitali. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi kama sisi sote wa ukoo huu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Meno yakaanza kucheza. Mawili ya mbele yakatoka yakiwa mazima, bila hata tundu.

Siku ninayokuambia, nilikuwa nasoma mbele yake pamoja na wenzangu. Alinitangulia kusoma aya, nikaifuata kama nilivyoisikia kwake.

"Herufi ya dhali hiyo siyo," akasema. "Ulimi uguse ncha za meno."

Nikarudia vilevile.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Ni wewe, baba."

Akapitisha ulimi kwenye pengo la meno yake ya mbele. Kisha akafunika msahafu, akawaambia wenzangu waende kwao. Nilimwona akilia, na iliniuma mno.

Kesho yake alikubali kwenda. Daktari wa meno kule mjini Kigoma akamweleza kwa upole: "Mzee, mswaki haukukuumiza. Ukoga ukiachwa kwenye meno una vijidudu, na mwili huleta damu na askari wake kupigana navyo. Ndiyo maana fizi huvimba. Ukoga usipoondoka vita havikomi, na mwishowe mwili wenyewe hula mfupa unaoshika jino. Ni kama wanakijiji waliofukuza mwizi wakakanyaga shamba lote la mihogo."

Akamkwangua ugaga, ule ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe. Meno yaliyobaki yalishika, ila yale ya mbele hayakurudi wala matamshi yake, na baba hakusalisha tena. Alikaa safu za nyuma mpaka alipofariki, na hakuna aliyemwondoa mbele ila yeye mwenyewe.

Basi, mwanangu, fizi zikitoa damu usizionee huruma ya kuziacha na uchafu. Sugua taratibu palepale panapotoka damu. Ukiwa umefunga, tema usimeze, na baada ya daku usilale na mabaki mdomoni. Damu isipokoma, nenda ukasafishwe ungali na meno yaliyosimama, maana mfupa ukishaliwa haurudi. Na mkubwa akikusihi jambo la mwili wako, msikilize mara ya kwanza.

Mola akuhifadhie kinywa chako, akujaalie usome na ucheke nacho hadi uzee wako, na wanao wajifunze kwako maneno yaliyotimia.