Uvimbe Ulipopungua, Wahu Aliacha Dawa, Nasimiyu Akamfuata

Ukungu bado umetanda juu ya mabati ya mtaa wa Kabiria, na Ivyne Nasimiyu anagonga mlango wa kibanda cha ushonaji ambacho hakijafunguliwa. Mkononi ana sketi ya kitambaa kizito iliyofumuka upindo. Begani ana mkoba mweusi, na ndani ya mkoba, chini ya pakiti ya maziwa, amekificha kitambulisho chake cha kazi.

Hakuna anayejibu. Anagonga tena, kisha anaketi kwenye benchi la wateja.

"Nikivaa kitambulisho, wapangaji wote wa ploti watajua nani mgonjwa," anasema. "Kwa hivyo mimi huja kama mteja. Kama ni mama mboga, nanunua sukuma. Kama ni fundi, nabeba nguo."

Nasimiyu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mfuatiliaji wa wagonjwa katika utafiti wa uvimbe wa saratani ya matiti unaoendeshwa na kituo kimoja katikati ya jiji la Nairobi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mwanamke akikosa kufika kuwekewa dripu ya dawa, Nasimiyu ndiye anayetumwa kumtafuta, kuanzia Kawangware na Riruta hadi vyumba vya wafanyakazi wa nyumbani nyuma ya maghorofa ya Kileleshwa.

Kileleshwa anaijua vizuri. Alifika huko kutoka Bungoma akiwa msichana, akalea watoto wa wenyewe mpaka wakaingia chuo kikuu na yeye akaambiwa kazi imekwisha. Siku hizi hulipwa shilingi elfu moja na mia mbili kwa kila siku anayotoka kumsaka mgonjwa. Wiki ambayo wanawake wote wamefika kliniki ni wiki asiyopata kitu.

"Hiyo ndiyo wiki ninayoomba Mungu anipe," anasema, na hacheki.

Leo ni Jumanne, na anamtafuta Veronicah Wahu, fundi wa nguo na mama wa watoto watatu, ambaye hakufika kwa dripu yake ya tatu. Sheria ya utafiti ni kwamba mgonjwa akikaa wiki sita bila dawa, anaondolewa. Atarudi kwenye foleni ya kawaida ya hospitali, na foleni hiyo ni ya miezi. Kwa Wahu, wiki ya sita inaisha Ijumaa.

Nasimiyu amempigia simu mara nyingi. Inaita tu.

"Mtu akizima simu, amekataa," anasema. "Akiacha iite, anaogopa. Anayeogopa huwa tunaongea."

Wahu anatokea kwenye kona akiwa na funguo mkononi. Anamwona aliyeketi kwenye benchi na hatua zake zinapungua.

"Mama Lenox," anasema, akimwita Nasimiyu kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Sasa hiyo sketi moja utaikunja upindo mara ngapi?"

"Mpaka ikae vizuri."

"Hiyo sketi unaifumua wewe mwenyewe."

"Najua. Fungua duka, Mama Debra, baridi itaniua."

Ndani, Wahu anawasha jiko la stima, anachemsha maziwa aliyoletewa, na polepole yanamtoka yaliyomkalia moyoni. Baada ya dripu ya pili, akiwa anaoga, alitafuta uvimbe kwa vidole kama alivyozoea. Hakuupata. Alitafuta tena jioni, hakuupata. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba uvimbe umeisha.

Kanisa la akina Wahu ni la mabati, si kubwa, na ushuhuda humo haupokewi kwa makofi matatu na kuketi. Kina mama walimfunga leso mpya kiunoni, wakamzunguka, wakamchezea mpaka madhabahuni. Mchungaji alimwambia ainue mikono yote miwili, kwa sababu kabla ya hapo mmoja ulikuwa haupandi. Uliinuka. Kuanzia siku hiyo, Kabiria ilimbatiza jina: Mama Muujiza. Watu wenye wagonjwa wao walikuja kibandani kuomba awaombee.

"Sasa niambie," Wahu anamuuliza mgeni wake, "nitatokaje hapa niende kwa kemo, kwa hizo dripu zenu? Mama Muujiza anaenda kufanya nini hospitali?"

Nasimiyu hambishii. Yeye mwenyewe ni mtu wa kanisa, na kwa miaka minne ya kazi hii amejifunza kwamba ukishindana na ushuhuda wa mtu, mtu huyo unampoteza siku hiyo hiyo. Anamwambia jambo moja tu: kuna kipande cha nyama kilichotolewa kwenye titi lake kabla ya dawa, na kingine kilichotolewa baada ya dripu ya pili. Vyote viko maabara. Kesho aende avione kwa macho yake. Akishaviona na akasema hapana, hatasumbuliwa tena.

"Na sketi?" anauliza Wahu.

"Nitapeleka kwa fundi mwingine."

Jumatano mchana Wahu anaketi mbele ya kioo cha kompyuta kilichounganishwa na darubini. Kando yake yuko Daktari Kavata, mtafiti mwanamke asiye na maneno mengi. Nasimiyu amesimama nyuma, karibu na mlango.

Daktari anaanzia mbali. Mwili, anasema, hujirekebisha kila siku. Ngozi ikikatika, seli huzaliana mpaka kidonda kifunge, kisha huacha, kwa sababu kila seli ina maagizo ya lini ianze na lini ikome. Maagizo hayo hunakiliwa kila seli inapogawanyika. Mara nyingi kosa likitokea, mwili hulisahihisha. Lisiposahihishwa, hasa kwenye agizo la kukoma, seli hiyo huzaa nyingine zenye kosa lile lile, na hizo nazo huongeza makosa yao. Miaka inaweza kupita bila mwanamke kuhisi chochote. Siku vidole vinapogusa kitu kigumu kama kokoto, tayari humo kuna mamilioni ya seli, zimejivutia mishipa ya damu ya kuzilisha, na si zote zinazofanana.

Anaweka picha ya kwanza. Imejaa vitone vya zambarau, vimebanana bila nafasi.

Anaweka ya pili. Sehemu kubwa ni ya waridi, kama kovu, tupu. Lakini huku na kule vimebaki vikundi vidogo vya zambarau.

"Hizi ni zangu?" Wahu anauliza.

"Ni zako."

Daktari anamweleza kwamba vidole vyake havikumdanganya. Dawa imefanya kazi kubwa, na uvimbe umenywea hadi mkono hauwezi kuupata. Lakini dawa huua kwanza seli zinazogawanyika haraka. Zinazobaki ni zile zilizoweza kuivumilia. Zikiachwa, zitakazozaliwa zitafanana na hizo, na pengine dawa hii haitaziweza tena. Ndiyo sababu utafiti wenyewe unafanywa: wanawake wote hupewa dawa ya kawaida kabla ya upasuaji, nusu yao wanaongezewa dawa ya pili inayojaribiwa, na vipande vya nyama huchukuliwa kabla, katikati na mwishoni, ili ijulikane ni seli zipi hufa, zipi hubaki, na kwa nini.

Wahu anaangalia kioo kwa muda mrefu. Anasema ni kama nguo iliyofumuliwa, halafu fundi mvivu akaacha nyuzi ndani.

Kisha anageuka, na hamtazami daktari. Anamtazama Nasimiyu.

"Sasa mimi niliambia watu nini?"

Njiani kurudi, Nasimiyu anampa njia rahisi. Aje Ijumaa kimyakimya, mlango wa nyuma upo, hakuna atakayemwona. Wanawake wengi wameponea mlango huo. Wahu anakataa. Nywele zitadondoka tena, anasema, na Kabiria ina macho. Afadhali wasikie kwake kuliko kwa watoto wanaocheza nje ya kibanda.

Anachotaka ni Nasimiyu aende kanisani amsemee, kwa kuwa yeye ndiye anayejua maneno ya hospitali. Hapo Nasimiyu ndiye anayekataa. Alitia sahihi ya kutunza siri za wagonjwa, na sahihi hiyo haiishii mlangoni pa kanisa.

"Hata mchungaji akiniuliza kama nakujua, nitasema nimekuja kwa fundi," anamwambia. "Nitakaa benchi la nyuma. Zaidi ya hapo siwezi."

Alhamisi alasiri ni siku ya ushirika wa kina mama. Wako kama ishirini hivi, wengine wananyonyesha, mmoja anachambua mchele kwenye ungo. Nasimiyu ameketi nyuma, mkoba mapajani. Wahu anasimama wakati wa matangazo, kati ya harusi ya Jumamosi na usafi wa kanisa.

Anasema polepole. Alisema uvimbe umeisha. Umepungua. Haujaisha. Ameuona kwa macho yake mwenyewe ndani ya mashine, na kesho anarudi kwa dawa.

Mkono unaochambua mchele umesimama.

Mwenyekiti wa kina mama ni mama mtu mzima anayeitwa Mama Kiarie, mkulima wa zamani wa mji wa Kikuyu aliyeuza shamba kipande kwa kipande jiji lilipomfikia. Ndiye aliyemfunga Wahu leso siku ile.

"Kwa hivyo," anauliza, "tulicheza bure?"

Nasimiyu anasimulia kwamba hapo alikaribia kuvunja kiapo chake. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Aliuma mdomo.

"Hamkucheza bure, Mama Kiarie," Wahu anajibu. "Mlicheza mapema. Na ni mimi niliwaita."

Mwanamke mmoja mbele anacheka, anaziba mdomo, kisha wengine wawili wanamfuata. Mama Kiarie hacheki. Anamtazama Wahu kutoka kichwani mpaka miguuni kana kwamba anampima nguo.

"Umesema ni kesho?"

"Ni kesho."

"Saa ngapi?"

Ijumaa, kwenye benchi la kusubiria la kliniki, Mama Kiarie ameketi na chupa ya uji mapajani, akimuuliza muuguzi maswali ambayo muuguzi hana muda wa kuyajibu. Ndani, Daktari Kavata anapima titi la Wahu kwa vidole, kisha kwa mashine. Habari si nzuri sana. Katika wiki hizi za kukosa dawa, uvimbe umeanza kurudi. Ni kidogo, lakini unapimika. Wahu atabaki kwenye utafiti, atamaliza dripu zilizobaki, kisha upasuaji. Daktari hamwahidi zaidi ya hapo.

Muuguzi anaandaa sindano. Wahu anaurudisha mkono wake kifuani.

Kuna swali amelibeba tangu Jumanne. Amesikia, kwa njia ambazo Kabiria husikia mambo, kwamba Nasimiyu aliwahi kufiwa na dada yake kwa ugonjwa huu huu.

"Mama Lenox, dada yako alitoroka dawa kama mimi?"

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kurudisha wanawake kwenye kiti hicho, jibu rahisi lilikuwepo, na hakuna ambaye angemshika kwa uongo. Nasimiyu anavuta kiti na kuketi.

"Hapana," anasema. "Hakukosa hata moja. Alimaliza zote. Akafa."

Muuguzi anajishughulisha na mrija.

Dada huyo aliitwa Nanyama. Nasimiyu ndiye aliyemsindikiza kila mara, akakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa mpaka akawajua wote kwa majina, nani hajaja leo, nani amekosa nauli, nani amefungiwa na mume. Ndivyo watafiti walivyomjua na baadaye kumpa kazi. Uvimbe wa Nanyama haukunywea hata kidogo. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mwanamke wa rika lake, dripu ile ile, daktari yule yule, na uvimbe wake ukayeyuka. Mwanamke huyo yuko hai mpaka leo, anauza mitumba Kawangware.

"Niliuliza kwa nini yule na si huyu," Nasimiyu anamwambia Wahu. "Daktari hakunificha. Akaniambia hatujui."

"Na wangu ulisikia dawa," Wahu anasema.

"Wako ulisikia."

Wahu anaunyosha mkono kwa muuguzi na kugeuza uso upande wa ukuta, kama afanyavyo kila mtu asiyependa sindano. Dawa inaanza kushuka.

Nje, Nasimiyu anakunja mikono ya sweta yake. Jumatatu ana mwingine wa kutafuta, mfanyakazi wa nyumbani wa Kitisuru ambaye mwajiri wake hampi ruhusa. Utafiti wenyewe umebakiza mwaka mmoja na nusu, na baada yake hajui atafanya kazi gani. Amefikiria kufungua kibanda cha chakula karibu na kliniki, kwa sababu wagonjwa wanatoka na njaa na hakuna wa kuwapikia kitu laini.

Lakini hilo si tumaini lake kubwa. Tumaini lake ni kwamba mwisho wa utafiti, watu wa maabara watakaa chini na vile vipande vyote vya nyama, vya waliopona na vya wasiopona, na mmoja wao atamwita amweleze kwa Kiswahili cha kawaida kilichotokea ndani ya mwili wa Nanyama.

"Haitamrudisha, najua," anasema. "Lakini kila mama akitoroka, anatoroka na kipande cha hilo jibu. Mimi nalitaka likiwa zima."