Nilijifanya Mwanasheria, Shamba la Mama Mkubwa Likaondoka

Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu! Sikulewa, sikulogwa, wala hakuna rafiki mbaya aliyenishawishi. Naanza na hilo ili msihangaike kunitafutia pa kujifichia.

Ila kabla hamjanirukia, tuelewane. Watu wa kwetu wakiisikia habari yangu wanadhani kosa langu ni kuacha sheria nikawa mpishi. Hapana! Hilo siyo kosa, na sitaliungama hata mkinishikia panga. Kosa langu ni jingine, na ni zito kuliko hilo.

Mimi ni mzaliwa wa Mgeta, juu huko milimani. Mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi, nikalelewa na dada yake, mama mkubwa wangu. Sisi Waluguru shamba linafuata upande wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mjomba akishasema, hata baba yako mzazi anaitikia tu.

Basi matokeo yangu ya kidato cha sita yalipotoka mazuri, mjomba akanikalisha.

"Ukoo huu una wakulima, una katekista, una hata dereva wa lori," akasema. "Hauna mwanasheria. Watu wanatuchezea kwa sababu hatujui kusoma makaratasi yao. Utasoma sheria."

Mimi nilitaka kusomea upishi. Tangu mdogo nilikuwa naganda jikoni kwa mama mkubwa, wenzangu wanacheza mpira, mimi naonja mchuzi. Nilijua kabisa ninachotaka. Nikafungua mdomo nikasema nini? "Sawa, mjomba." Basi!

Chuo nilisoma kwa kudesa. Nakariri, naingia kwenye chumba cha mtihani, natapika yote kwenye karatasi, nikitoka kichwa kitupu. Somo la sheria ya ardhi nilishikwa sapu, mtihani wa kurudia, na hiyo sapu yenyewe nilivuka kwa kuchechemea. Raha yangu ilikuwa hosteli, kwenye jiko la umeme tulilokuwa tunalificha chini ya kitanda. Wenzangu walikuwa wakinitania, "Wewe ni mwanasheria wa maharage ya nazi!" Tulicheka. Ningesikiliza ule utani ningepona.

Nilipohitimu mjomba alichinja mbuzi. Akasimama mbele ya watu, kofia mkononi, akasema, "Wakili wetu huyu hapa!"

Jamani, sikuwa wakili! Ukimaliza chuo kuna shule nyingine ya vitendo na mitihani yake, ndipo uitwe wakili. Ningeweza kusema palepale, "Mjomba, bado." Badala yake nikawapungia watu mkono kama mgombea ubunge.

Nikapanga chumba mjini, Mafiga, nikaaga kijijini kwamba najiandaa na hiyo shule. Sikujiandaa na chochote. Chumba cha jirani alikaa Bi Hadija, mpishi wa shughuli, harusi na maulidi. Siku moja msaidizi wake akaugua, akanigongea mlango.

"Mwanangu, unaweza kumenya vitunguu?"

Nilimenya vitunguu gunia zima. Nikakaanga. Mchana Bi Hadija akanikabidhi sufuria moja la pilau nilisimamie mwenyewe. Watu walipoanza kula, kukawa kimya. Unaujua ule ukimya wa watu wanaokula kitu kitamu? Nilisimama nyuma ya turubai machozi yananilenga. Ule moshi wa kuni ulinipa sababu.

Tangu siku hiyo nikawa namfuata kila shughuli. Mjini mpishi, kijijini wakili. Niliona najua kuishi!

Sasa mama mkubwa alikuwa na shamba bondeni, karibu na kijito, lina maji kiangazi na masika. Ndilo lililonilea. Jirani mmoja akaibuka kudai kwamba aliuziwa na kaka yake mama mkubwa, ambaye ni marehemu. Wakapelekana baraza la ardhi. Mama mkubwa alinipigia niende naye, nikamwambia nina mitihani. Mitihani ipi? Nilikuwa na harusi Mikese. Akaenda peke yake, akashindwa.

Akashuka mjini na lori la mboga, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Hata maji hakuyagusa. Akafungua pindo la kanga akatoa hukumu. "Wamesema nafasi ya kukata rufaa ipo, ila ina mwisho wake. Nilitaka kumtafuta mtu wa kunisaidia. Mjomba wako akasema nisitapetape kwa watu baki wakati wakili tunaye."

Niliisoma ile hukumu. Nikairudia. Nilichoelewa ni kwamba tumeshindwa. Cha kufanya baada ya hapo sikukijua!

Na hapa ndipo penye dhambi yangu, msipapite haraka. Hapahapa mjini wako wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia wananchi bure. Niliosoma nao wako, wengine nakutana nao sokoni. Ilikuwa ni kupiga simu tu! Lakini nitamwambiaje mwenzangu niliyehitimu naye kwamba sijui kuandaa rufaa? Na nitamwambiaje mama huyu kwamba "wakili" wake anamenya vitunguu?

Nikamwambia, "Niachie mimi, mama mkubwa. Wewe nenda kalime."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea. Mungu wangu!

Sikuandika hata mstari. Ulikuwa msimu wa harusi, nikawa najiambia Jumatatu, Jumatatu. Akipiga simu kuuliza imefikia wapi, namjibu, "Iko mahakamani, mama. Mambo ya mahakama ni taratibu." Na yeye kwa kuniamini akapanda kabichi upya, shamba zima.

Asubuhi moja mjomba akanipigia. "Njoo huku. Njoo sasa hivi!"

Nilipopanda ile njia ya kwetu nilianza kusikia kelele kabla sijaona kitu. Jirani alikuja na dalali wa baraza, yule anayetekeleza hukumu, na vijana wa kazi. Walikuwa wanang'oa kabichi ambazo hazijafunga vizuri, wanazitupa pembeni. Mama mkubwa amesimama kwenye tuta la juu, jembe begani. Mjomba ndiye aliyekuwa anahema na kupiga kelele.

"Subirini! Wakili wetu huyo amefika! Rufaa iko mahakamani!"

Vijana wakaacha kung'oa. Yule dalali hakuwa mtu mbaya. Akanigeukia kwa adabu kabisa.

"Kaka, tusaidie namba ya rufaa, sisi tusimamishe kazi."

Watu wote wakanitazama. Nilitamani mlima ule uporomoke unifunike.

"Hakuna rufaa," nikasema.

Mjomba akafikiri hajasikia. "Hakuna nini?"

"Sikuikata."

Mama mkubwa akashuka taratibu mpaka niliposimama. Hakulia. Ningeshukuru angelia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikujua namna ya kuikata."

Akalishusha jembe begani. "Ungeniambia hujui, ningemtafuta anayejua," akasema. "Mimi sikukuomba uwe wakili. Nilikuomba unisaidie."

Nyuma yake vijana wakaendelea kung'oa.

Baada ya hapo ndipo miguu ikanipeleka kwa mwenzangu mmoja niliyehitimu naye, wa wale niliokuwa nawaonea aibu. Hakunicheka hata kidogo! Alihangaika kuomba tuongezewe muda. Tukaulizwa sababu ya kuchelewa ni ipi. Sababu ilikuwa mimi. Ombi likatupwa.

Mjomba akaitisha kikao cha ukoo. Nilitegemea kufukuzwa, lakini alikuja na jambo lake. Ukoo utachanga, mimi nirudi shule nikawe wakili wa kweli, heshima irudi.

Watu wakaona ni neno la busara. Wakanigeukia, wakisubiri nishukuru. Ile "sawa, mjomba" ilishanijia mdomoni kwa mazoea! Nikaimeza.

"Sirudi, mjomba."

"Unasemaje?"

"Sirudi. Sheria siijui na siipendi, na nimeshamdhulumu mtu kwa kujifanya ninaijua. Nikirudi nitamdhulumu mwingine. Mimi ni mpishi. Nimekuwa mpishi siku zote hizi mnazoniita wakili."

"Mwanaume wa ukoo huu akoroge masufuria kwenye harusi za watu?"

"Ndiyo, mjomba. Na nakoroga vizuri."

Mjomba akasimama akavaa kofia. "Basi mimi usiniite mjomba."

Kwa Mluguru hayo si maneno ya kawaida. Wengine wakaanza kunitupia maneno, mara nimelaaniwa, mara nina kiburi. Mama mkubwa ndiye aliyewanyamazisha.

"Mwacheni," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza anasema kweli. Ila na mimi msinishike mkono kunipatanisha naye. Sijamsamehe."

Ndivyo ilivyoisha, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Bi Hadija ameshachoka na moto, kazi ameniachia. Nina vijana wangu na masufuria yangu. Nikipika, watu wanaulizana nani kapika. Silali nikiwaza kesho nitadanganya nini. Kwa hilo simwombi mtu radhi, na anayeona nimepoteza shahada yangu aichukue akaitundike kwake!

Lakini shamba halikurudi. Mama mkubwa analima kipande cha kuazima kule mteremkoni, mbali na maji. Kiangazi inabidi kubeba ndoo. Wiki isiyo na shughuli napanda Mgeta, nambebea. Ananipa chakula, ananiuliza afya. Juzi jirani mwingine wa huko mteremkoni alikuja na karatasi ya serikali aliyokuwa haielewi, mimi nimekaa palepale kwenye kigoda. Mama mkubwa akamwambia, "Itafutie mtu wa kuisoma." Hakunitazama hata mara moja. Nilinyanyua ndoo nikaenda zangu kijitoni. Mjomba naye tukipishana njiani namwamkia shikamoo, anatazama mlima.

Nayabeba yote. Ni yangu.

Enyi wajomba na wazazi, mtoto siyo jembe la ukoo kwamba mnaliagiza kwa ukubwa mnaoutaka. Muulizeni kwanza.

Na wewe uliyeko chuoni unasoma kozi ya mjomba, moyo hauko na kichwa hakiko, usisubiri wakukabidhi maisha ya mtu mkononi ndipo ukumbuke kwamba hujui. Nenda kawaambie leo. Watakasirika, watakuita mjinga, watapiga kelele. Waache wapige! Kelele za wajomba zina mwisho wake, ila dhambi ya kumdanganya aliyekulea, hiyo utaibeba kila siku.