Watoto wa Kalunguyeye Waliotolewa Nje

Harufu ya poda ya watoto inanichefua. Nasema wazi, maana najua kuna watakaoniona sina utu. Juzi hapa Kibaoni jirani yangu kajifungua, nimekwenda kumpa hongera na doti yangu ya kanga, nikakabidhiwa kichanga kimepakwa poda mpaka kwenye kope, na papo hapo mate yakanijaa mdomoni. Nikakirudisha kwa mama yake, nikasingizia mafua, nikatoka nje kutema. Wanangu wawili wamekua bila poda, na mume wangu hadi leo anadhani ulikuwa ubahili. Nitawaambieni ninyi nisichomwambia yeye, ila kama mnakula, malizeni kwanza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Katindiuka kwa bibi mzaa mama, nyumba ambayo ukitoka uani tu umeshakanyaga majaruba ya mpunga. Tulikuwa bibi, mama, mimi, na mama mdogo Stamili, aliyerudi nyumbani na tumbo lake kubwa kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Jirani yetu alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe wengi, tukimwita Baba Masanja. Siku moja baada ya mavuno alikuja kwetu na kofia yake mkononi badala ya kichwani, na ndani ya kofia kulikuwa na kitu cha mviringo, miba mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimemkuta kwenye mabua. Mweke stoo, huyu anakula mende, mpunga wenu utapumua."

Hivyo ndivyo nilivyopata kalunguyeye wangu, nikamwita Sindano. Nilidhani nimepata kitu cha kupakata. Pakata, thubutu! Sindano alikuwa akinya huku anatembea, kisha anarudi kuyakanyaga mavi yake mwenyewe, na asubuhi boksi lake lilitoa uvundo wa kukufumba jicho. Mende alimla akianzia kichwani, unasikia kabisa kru, kru, na miguu ya mende bado inapiga mateke nje ya mdomo. Nikimtazama nilikuwa naziba pua kwa mkono mmoja na mdomo kwa mwingine, lakini sikuondoka, maana kinyaa nacho kina utamu wake ukiwa mtoto.

Baba Masanja alinifundisha namna ya kumsoma. Miba ikilala, mguse. Akiivuta ngozi ya kipaji mpaka ikafunika macho, mwache. Akipumua kwa nguvu, puh, puh, mwache. Akianza kugonga sauti kooni, tk, tk, tk, basi ondoka kabisa, amekasirika. Nikaitika "Ndiyo, baba," kama watoto wanavyoitika, yaani sikio moja liko kwenye mazungumzo na jingine limeshakwenda kucheza.

Kituko chake kikubwa alikifanya siku ugoro wa bibi ulipodondoka kutoka kwenye pindo la kanga. Sindano aliunusa, akaulamba, akautafuna, akatoka povu jeupe mdomoni. Kisha, jamani, akaipinda shingo kama anataka kujinyonga na kuanza kujipaka lile povu mgongoni kwa ulimi, huku anapepesuka, anaanguka, anaamka, anajipaka tena. Bibi alipiga ukelele. "Kichaa! Mtoeni huyo kabla hajatuuma!" Ilibidi nikamwite Baba Masanja, naye akacheka mpaka akashika kiuno. "Si kichaa, mama. Akikuta harufu ngeni anaitafuna, anajipaka. Dunia yake yote iko puani, macho yake si kitu." Bibi alisema kichaa ama si kichaa, hicho kitendo ni cha karaha, na kuanzia siku hiyo akawa anaingia stoo na fimbo.

Mama mdogo akajifungua mtoto wa kike, na nyumba ikageuka kambi ya bibi. Hakuna kuingia chumbani. Hakuna kuchungulia. Uji nilikuwa naufikisha mlangoni, mkono wa bibi unatoka, unachukua bakuli, mlango unafungwa. Wageni waliokuja walisalimia ukutani. "Mpaka kitovu kidondoke," alisema bibi, "mzazi hachokozwi na mtoto haguswi." Niliumia. Nilikuwa nimemsubiri yule mtoto miezi yote, nikaishia kumsikia analia.

Siku ya pili yake nikamkuta Sindano kazaa wanne. Sikujua hata kama ana mimba, nilidhani ni shibe ya mende. Walikuwa wekundu, hawana macho, ngozi imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, na vijiba vyeupe vimechomoza mgongoni. Nilihisi kutapika na nikawapenda papo hapo. Hawa hakuna bibi wa kuninyima! Nilichungulia kabla ya shule, nikachungulia niliporudi, nikachungulia kabla ya kulala, nikiyafunua majani makavu kwa kijiti ili niwahesabu. Kila nikifunua, Sindano alikunja kipaji, puh, puh, kisha tk, tk, tk. Mimi nilikaa pale nikitabasamu. Niliamini anawaimbia wanawe.

Kitovu kikadondoka, na bibi akatangaza kwamba mtoto anatolewa nje. Tangu alfajiri wanawake walijaa uani. Mtoto akaogeshwa maji ya vuguvugu, akapakwa mafuta, akapakwa poda akawa mweupe pe, akachorwa wanja, kisha bibi akatoka naye mlangoni, akamwonyesha jua, akamwonyesha njia, akamwonyesha shamba. Vigelegele vikapigwa. Akapita mikononi mwa kila mtu, hata mwangu, na kila mtu alimnusa shingoni na kusema ananukia.

Mnaona ninakokwenda. Wangu nao walikuwa na siku tatu.

Wakati watu wanakula pilau, nilichukua kopo la poda na mkebe wa wanja nikaingia stoo. Nilimkunja Sindano ndani ya kipande cha gunia, akipumua kwa hasira, nikamtumbukiza kwenye ndoo. Wanawe niliwaogesha mmoja mmoja ndani ya kifuu cha nazi. Maji yalikuwa ya mtungini, ya baridi, kwa sababu ya vuguvugu yalikuwa jikoni na jikoni kulikuwa na watu. Walijipinda. Nikawapaka poda mpaka kwenye vimdomo, nikawachora nukta ya wanja pale ambapo nilidhani paji la uso lipo, nikawatoa kupitia mlango wa nyuma. Nikawaonyesha jua, nikawaonyesha njia, nikawaonyesha shamba. Nilipiga kigelegele kidogo, cha puani, nisisikike. Kisha nikawarudisha kwenye majani yao, nikammwaga mama yao juu yao, nikaenda kula pilau kwa furaha.

Asubuhi nilisikia harufu kabla sijafika kwenye boksi. Ya damu, na ya poda, pamoja. Ndani kulikuwa na kichwa kimoja na mguu wa nyuma, na poda imegandana na damu kama unga wa ugali uliokosewa. Wawili wengine sikuona hata kipande. Na Sindano hakuwa ndani. Alikuwa pembeni mwa ukuta, karibu na tundu la chini ya mlango, midomo ina damu, na mtoto wa nne ananing'inia mdomoni mwake, hai, anachezesha miguu.

Nilipiga yowe. Nikamrukia, nikamnyang'anya yule mtoto mdomoni. Hakukunja kipaji. Hakupumua kwa nguvu. Wala hakujiviringa, miba yake ilikuwa imelala, na nikaona ni uso mkavu wa mchawi aliyefumaniwa. "Mchawi! Unakula wanao!" Nilimtemea mate, kweli nilimtemea.

Mama alikuja na koleo akamchota, akamrusha ng'ambo ya mfereji. Nilimfuata kwa madongoa mpaka alipopotelea kwenye mabua. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, akamfunika mwanawe uso kwa kanga asione. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," bibi alisema, "lakini huyu si mzazi. Ptuu!" Nyumba nzima ilishikwa na kinyaa, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Baba Masanja alileta maziwa. Alimtazama yule mdogo kiganjani mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Kuna mtu aliwashika?"

"Hapana, baba."

Poda nilikuwa nimeshaifuta yote kwa gauni langu. Nilimnyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa pamba, nikamweka kifuani chini ya nguo ili apate joto, akawa ananinusa, ananinusa, ananisukuma kwa pua. Mchana akaacha. Nilimfukia kwenye tuta la jaruba, na kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba angalau mmoja nilimwokoa asiliwe na mama yake.

Nilikuwa nimeshazaa mara mbili ndipo nilipoanza kushuku. Wodini, jamaa wa mume wangu walipomchukua mwanangu bila kuniuliza, wakampitisha mikononi, wakamrudisha ananuka manukato yao, nilimpokonya, nikageuka naye ukutani. Nikaanza kukumbuka maji ya mtungini. Wale watatu sijui hata leo kama aliwala wakiwa hai, au aliwakuta wamekwishakufa kwa baridi, hawana harufu yake, hawana harufu ya kiumbe chochote anachokijua. Lakini yule wa nne bado nilimshikilia kama haki yangu.

Mpaka mwezi uliopita. Mwanangu mkubwa ana miaka tisa, na alikuwa kaegemea bega langu anaangalia video kwenye simu yangu, za watu wa mbali wanaofuga kalunguyeye ndani ya nyumba. Kalunguyeye mmoja, mama, alikuwa anakwenda kandokando ya ukuta, taratibu, miba imelala, mtoto ananing'inia mdomoni. Anasimama, anamshika vizuri, anaendelea. Hakujiviringa, maana angejiviringa angemchoma mwanawe. Hakupumua kwa hasira, maana mdomo ulikuwa umejaa. Lile tundu la chini ya mlango, upande wake wa pili ni shamba.

"Mama, ona, anamla mwanawe!" Akakunja uso kwa kinyaa. "Mchafu huyo!"

"Hamli," nikamwambia. "Anamhamisha. Anakimbia naye."

"Anamkimbia nani?"

Video ikaisha. Akauliza tena.

"Mimi," nikasema.