Siku Foklifti Iliporudi Nyuma

Kiwanda cha alizeti cha hapa Shelui kina foklifti moja tu, kuukuu, na anayeiendesha ni shangazi yangu Dorika. Alianza kwa kupepeta mbegu kama wanawake wengine. Dereva wa kwanza alipoacha kazi, akamfuata bosi, Mzee Edward, akamwambia, "Nimemwangalia akiiendesha siku zote. Nipe ufunguo nijaribu." Akajaribu. Ungo hajaushika tena.

Msimu huu foklifti ikagoma kurudi nyuma. Mbele inakwenda, nyuma inanguruma tu. Akishapakia lori, makuli wanajipanga mbele yake wanaisukuma irudi. Mzee Edward akachoka, akaita watu wa chuma chakavu waje Jumatano.

"Dorika, ikipona kabla hawajashuka hapa, inabaki," akasema. "Isipopona, ungo wako upo palepale."

Jumatano asubuhi shangazi akamleta Paskali, fundi wa malori yanayolala kando ya barabara kuu. Mimi nilikaa juu ya magunia ya mashudu, naona kila kitu.

Paskali akaingia chini, akaweka beseni, akalegeza nati ya giaboksi. Mafuta yakatiririka, ya njano. Akachovya kidole, akanusa.

"Dada Dorika, umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Mimi bado, na hapa nasikia harufu ya maandazi."

Makuli wakacheka. Shangazi hakucheka.

"Mafuta yalipungua, nikajazia ya hapahapa," akasema. "Masafi. Nimeyachuja mwenyewe kwa kitambaa."

"Ya alizeti?"

"Marehemu baba alikuwa anapaka alizeti ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe. Haukuwahi kulia."

"Ng'ombe hana giaboksi, dada."

Lakini kwetu Iramba ndivyo tulivyo. Bawaba ikilia, alizeti. Mnyororo wa baiskeli, alizeti. Miguu ikipasuka, alizeti hiyohiyo.

Paskali akafungua bakuli la chini ya giaboksi, akatoa chujio. Lilikuwa limeziba kwa utando unaonata, kama ule wa kwenye ukingo wa kikaango. Akatuonyesha: mafuta hayapiti, kwa hiyo gia ya nyuma haipati nguvu ya kushika.

"Kama sahani za klachi hazijaungua, itapona," akasema. "Kama zimeungua, iage."

Shangazi akamnyang'anya lile chujio, akakaa chini, akalisugua kwa dizeli na mswaki. Kanga yake yote madoa. Alikuwa bado anasugua lori la chuma chakavu lilipoingia getini, minyororo inalialia nyuma. Shangazi hakuinua hata kichwa.

"Mzee," akasema, "ulisema kabla hawajashuka."

Mzee Edward akalitazama lori. Mlango ulikuwa bado umefungwa, dereva ndiyo anataka kuufungua. Mzee akakuna shingo, kisha akaenda mbiombio akauzuia kwa mkono.

"Bwana, kaa kwanza. Usishuke."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wewe kaa tu."

Paskali akarudisha chujio, akafunga, akamimina oili yenyewe ya giaboksi, nyekundu. Shangazi akapanda, akawasha. Akarudisha gia nyuma. Ikanguruma. Haikutoka.

"Ndiyo hivyo," kuli mmoja, Sostenes, akasema. "Jamani, tusukume."

"Acha," Paskali akasema. "Oili haijafika kote. Iache ishibe."

Tukasubiri. Hata wale wa kwenye lori wakachungulia. Sostenes, kwa mazoea yake, alishakwenda mbele na kuegemea kwa mikono miwili, tayari kusukuma.

Shangazi akarudisha gia tena.

Foklifti ikajitikisa, ikaondoka. Ikamwacha Sostenes ameegemea hewa, akaanguka kifudifudi kwenye makapi. Ikarudi nyuma yenyewe, ikapita mzani, ikapita magunia yangu, shangazi kageuza shingo anaangalia njia, meno yote nje. Makuli wakaikimbilia wakipiga mbinja. Mimi nilijikuta nimesimama juu ya gunia, napunga mikono, sijui nampungia nani.

Alikwenda nayo kinyumenyume mpaka karibu na lile lori, akafunga breki, akapiga honi.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, sasa nishuke au nisishuke?"

Shangazi ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye kiti chake. "Usishuke, kaka. Sogeza lori. Umenizibia njia."