Mguu Uliowekwa Uvunguni

Karakanani walimwita Fundi Goti, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lake jeupe, lililokuwa fupi mikononi. Alianza maisha kama seremala wa vitanda na milango. Aliitwa hospitali kurekebisha mlango wa wodi, akamwona mtengenezaji wa miguu ya bandia akihangaika na kipande cha mbao, akashindwa kufunga mdomo. Mdomo huo ndio uliompa kazi, na mvi zikamwotea kazini humo humo.

Hospitali ilikuwa na zahanati zake zilizotawanyika mkoa mzima, zote za shirika moja lisilotafuta faida. Mgonjwa alipimwa mguu hospitali kuu, akajifunza kuutembelea hapo hapo, kisha akarudi kwao kuangaliwa na muuguzi wa zahanati ya jirani. Gari la shirika lilizunguka huko kila wiki kupeleka dawa. Fundi Goti hakuwa mtu wa kupanda gari hilo. Kazi yake, alipenda kujigamba, ilitoka mlangoni ikitembea yenyewe.

Siku moja muuguzi wa zahanati ya mbali akampigia simu.

"Shikamoo Fundi. Yule mpishi wako wa shule, mguu kauweka uvunguni."

"Marahaba. Uvunguni mwa nini?"

"Mwa kitanda, Fundi. Kwani kuna uvungu mwingine?"

Hasira zikampanda. Alimkumbuka vizuri mwanamke huyo. Pikipiki ilimponda mguu, ukakatwa chini ya goti, na siku ya majaribio alitembea kwa madaha mpaka karakana nzima ikampigia makofi. Fundi alilala na tabasamu siku ile.

"Shule inakaribia kufungua," muuguzi akaendelea. "Mwalimu mkuu kamshikia nafasi mpaka hapo tu. Sasa sufuria ya shule inabebwa kwa mikono miwili, na mkono wake mmoja umeshika mkongojo. Asipoutumia huo mguu, kazi anapewa mwingine, na pale nyumbani wote wanamtegemea yeye."

Jioni Fundi alimlalamikia mkewe mpaka chakula kikapoa. Watu hawana shukrani, alisema. Mguu umetulia, umepimwa ukapimika, halafu mtu anauweka na masanduku!

"Umemuuliza kwa nini?" mkewe akasema.

"Nimuulize nini? Mbele yangu ulitembea!"

"Mbele yako, baba watoto. Kwake je?"

Fundi akainuka, akautia mfukoni ufunguo wake wa skrubu. Gari la dawa lilipoondoka asubuhi, alikuwa amebanwa kati ya maboksi, amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Zahanati ilikuwa na vyumba vichache na baraza safi. Mpishi alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na wifi yake, mguu umefungwa kwenye shuka na kulazwa katikati yao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia mguu wangu umekuudhi."

"Haujaniudhi. Ila mimi nikitaka mbele, wenyewe unataka nyuma. Natembea kama napanda mlima, na kwetu tambarare."

Akamwambia auvae. Akauvaa, akatia miguu kwenye raba zake za jikoni, akatembea barazani akiegemea nyuma, mikono ikitafuta ukuta. Fundi akapiga magoti, akakagua. Urefu sawa. Mikanda sawa. Hakuona kosa, na kwa kuwa hakuliona, akalitupa kwa mwenzake.

"Hukufanya mazoezi," akasema.

Mpishi akainamisha kichwa. Wifi yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Afanye mazoezi na viatu gani, wakati vyangu nimeshavichukua?"

"Viatu vipi?"

"Vile vyeusi vya kisigino, aliviazima kwangu. Au ulitaka aende hospitali kuu na hizi raba zilizokula moshi?"

Fundi Goti akakaa chini, sakafuni kabisa. Unyayo wa bandia haujui kujirekebisha. Ukishategwa kwa urefu wa kisigino cha kiatu, ukiuvisha kiatu bapa unamsukuma mwenye mguu nyuma. Jambo hilo alilijua vizuri mno. Vile viatu alikuwa ameviona, hata alivisifu, akautega unyayo ulingane na visigino vyake, wala hakuuliza mpishi anapikia na viatu gani. Aibu ilimshika, tena aibu ya kweli. Kila mtu huenda hospitali kuu amependeza. Ni miguu mingapi basi iliyokuwa imelala uvunguni mwa vitanda mkoani humo, huku yeye akijigamba karakanani?

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningesemaje, baba? Watu walikuwa wanapiga makofi."

Fundi akachukua ufunguo wake mdogo, akalegeza skrubu za kifundo, akainua ncha ya unyayo kidogo, akakaza, akamsimamisha, akalegeza tena. Alifanya kazi kimya, jambo ambalo karakanani wasingeamini. Alipomaliza alimwita muuguzi.

"Naomba upige simu zahanati zote. Waambie kila mwenye mguu wangu aje nao, na viatu vyake vya kazi. Na mimi nitakuja na gari, kila wiki, mpaka waishe."

"Utabebwa na maboksi, Fundi?"

"Nitayazoea."

Mpishi hakuwangoja. Nyuma ya zahanati kulikuwa na jiko walipochemshia maji. Aliitoa humo sufuria kubwa, akaiweka chini ya bomba upande wa pili wa uwanja, akaijaza, akainama, akaikamata kwa mikono yote miwili. Wifi yake akaruka kumshika kiuno.

"Niache! Ukinishika nitajuaje kama natembea mwenyewe?"

Akaachwa. Maji yalimwagika kidogo hatua ya kwanza, na ya pili pia. Fundi Goti alimfuata kwa macho, mdomo wazi, mikono imenyooka mbele utadhani sufuria ameibeba yeye. Mpishi akavuka uwanja, akaitua sufuria jikoni, akabaki ameupa ukuta uso. Mabega yakamtikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka, mpaka alipogeuka akifuta macho kwa kiganja, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto wa shule nzima akauliza:

"Haya, nani hajala?"