Majani Niliyoyachoma

Siku niliyochoma majani nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu bado naiona, mwanangu, ingawa miguu yangu leo haiwezi tena kunifikisha pale.

Nilikuwa bibi arusi mpya, kijijini upande wa Djugu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba ambalo mzee alikuwa amelipumzisha, na miti michanga ilikuwa inaligeuza tena kuwa msitu. Kiangazi kilipofika, miti ikaacha kurefuka, ikaangusha majani. Mimi niliona uchafu tu. Nilitaka kupanda maharagi, watu wajue kwamba naweza kulima. Nikakata miti ya upande mmoja, nikakusanya majani, nikawasha moto.

Mzee alirudi kutoka soko la Fataki, akakuta moshi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alinishika mkono, akauingiza chini ya majani yaliyobaki. Udongo ulikuwa baridi, laini, umejaa vijizizi vyembamba.

"Weye unafikiri hii miti iko nalala," aliniambia. "Haiko nalala. Mu kiangazi inaangusha majani, majani inaoza, inakuwa chakula. Mvua ikirudia, mizizi inakunywa ile chakula, na miti inapanda. Umechoma chakula yake."

"Unisamehe, papa. Nilifikiri iko takataka."

Msimu wa kwanza maharagi yalizaa, nikacheka moyoni. Msimu wa pili yakatoka ya manjano. Wa tatu nikaacha kulima pale. Mzee hakunikumbusha kosa langu hata siku moja. Kila mvua ilipoanza, tulikwenda pamoja kupima machipukizi ya ile miti niliyoikata kwa fimbo yake. Alikufa kabla hayajampita kimo. Na miti ilipofikia paa, vita vikatukimbiza.

Sasa niko ukimbizini, hapa Rwambuzi. Mvua ya kwanza ikipiga mabati, moyo wangu unakwenda kule: leo miti inakunywa. Imefika wapi? Nani anaipima?

Mwanangu, unasema amani ikirudi utakwenda kuikata yote uchome makala ya kupikia, kisha ulime. Sikukatazi kulima, tutakula nini? Lima kipande, acha kipande. Majani ya kiangazi uyaache yaoze. Ukiona mti umesimama kimya, usidhani umekufa, ungojee mvua. Mungu akufikishe kule salama, na akuketishe katika kivuli ambacho mimi sikupata kukikalia.